Glasi ya Maji ya Arlys

Koki ya karavani ilikohoa, ikatema hewa, ikatulia kidogo, kisha ikatoa maji ya pinki.

"Hayo ni mabaki tu," Verlyn Tveit alijiambia. "Yatakwisha sasa hivi."

Jana yake alijiambia maneno hayo hayo, tena kwa sauti ile ile ya mtu anayejua anachokifanya. Alikuwa amepiga magoti mbele ya sinki lisilotosha hata kuogeshea paka, miwani imemshuka hadi ncha ya pua, akiyatazama maji yakizunguka na kupotea kwenye tundu huku yakiacha povu. Haikuwa pinki ya kutisha. Ilikuwa ile hafifu ya aiskrimu ya watoto, lakini pinki ni pinki. Akachovya kidole, akaonja. Tamu. Akatema, akafunga koki, akakaa chini sakafuni.

Na aliyekaa pale sakafuni, jamani, hakuwa karani wala mpiga kinanda. Alikuwa fundi bomba. Ujana wake na utu uzima wake wote aliumalizia kwenye mabomba ya kiwanda cha karatasi cha Vesterby, mabomba ambayo mengine mtu angeweza kuingia na kutembea ndani bila kuinama, mpaka siku kiwanda kilipofungwa na wafanyakazi wakarudishwa makwao na kipande cha keki kila mtu. Sasa fundi huyo alikuwa ameshindwa na mpira mwembamba kama kidole gumba. Kinyozi hajinyoi, wahenga walisema. Hawakuongeza kwamba kinyozi akilazimisha, atajikata sikio mbele ya majirani.

Na majirani walikuwepo. Orrin Lindahl wa nyumba ya pili alikuwa akipita na mbwa wake mnene, kama alivyopita asubuhi, na kama ambavyo bila shaka angepita jioni, kwa sababu hakuna mbwa Minnesota nzima aliyetembezwa sana kama yule tangu Verlyn aanze kusafisha karavani, ile nyumba yake ndogo ya magurudumu.

"Bado pinki?" Orrin aliuliza kupitia mlango uliokuwa wazi.

"Inaelekea kuisha."

"Aa." Orrin akaangalia mawingu, kana kwamba jambo lilikuwa la mawingu. "Nina ile pampu yangu kubwa ya kutolea maji chini ya nyumba. Nikuletee?"

"Hapana, hapana. Usijisumbue, jirani."

"Wala si usumbufu. Ipo tu pale, inakula vumbi."

"Nashukuru, lakini naweza."

Watu wa kule kaskazini hawapokei kitu mpaka waombwe mara tatu. Kahawa, lifti, msaada, kipande cha mwisho kwenye sahani: mara ya kwanza unakataa kwa adabu, mara ya pili unakataa kwa adabu zaidi, ya tatu unasema "basi, kama ni hivyo, kidogo tu," halafu unamaliza chote. Verlyn alishakataa mara mbili. Akasimama mlangoni na tambara mkononi, akiingoja ya tatu. Bahati mbaya mbwa akaona kindi, akamvuta bwana wake mpaka ng'ambo ya barabara, na ya tatu ikaenda zake.

"Mjinga mkubwa," Verlyn alisema, na hakuwa akimsema Orrin.

*

Arlys alikuwa ameandaa meza. Viazi, soseji na bitiruti nyekundu za siki.

"Bitiruti tena?" Verlyn aliuliza. Walikuwa wamezila jana na juzi.

"Ziko nyingi chini. Sitazibeba kwenye karavani," mkewe alijibu, akampakulia.

Mwanamke huyu alikuwa mfupi, mkimya, na jikoni kwake kila kitu kilijua mahali pake. Kila vuli alichemsha bitiruti za bustani yake kwa siki na karafuu, akazifungia kwenye chupa, akazipanga chini ya nyumba kama askari wa gwaride. Kila vuli pia, Verlyn naye alikuwa na kazi yake: kupitisha dawa ya kuzuia kuganda kwenye mipira ya karavani, kwa sababu maji yakiachwa humo, baridi ya Januari huyagandisha na kupasua kila kitu. Si sumu ile ya injini ya gari. Ni dawa ya pinki isiyodhuru tumbo, ila ladha yake haikupi hamu ya kurudia. Masika yakifika unaitoa, unasuuza, unajaza maji safi, na mchana unakaa nje unakunywa kahawa. Kazi ya asubuhi moja. Verlyn alikuwa akiifanya kila mwaka huku anapiga mluzi.

Mwaka huu mluzi ulikuwa umekatika.

"Wale vijana wanakuja Jumatatu," alisema, mdomo umejaa kiazi.

"Najua."

"Na wakili. Na dalali."

"Najua, Verlyn. Nimewaokea keki."

Nyumba ilikuwa imepata wateja, mke na mume kutoka Minneapolis waliopenda ngazi zake zinazolia na miti yake ya tufaha. Fikra ya kuuza ilikuwa ya Verlyn. Ilimjia wakati wa baridi, siku lori la mafuta ya kupashia nyumba joto lilipoondoka na yeye akabaki na risiti mkononi. Pensheni ya kiwanda ilishakatwa mbawa. Nyumba ilikuwa ikila kuliko wao wawili. Jioni ile ile alimwambia Arlys mezani: tuuze, tuishi kwenye karavani, kiangazi tutunze kambi ya wageni pale ziwani, watatupa nafasi na umeme bure, baridi ikija tunateremka Arizona kwenye jua kama matajiri. Unaonaje?

Arlys alikuwa akikunja kitambaa cha sahani. Akakikunja mara moja zaidi ya kawaida. "Si wazo baya," alisema.

Kesho yake Verlyn akampigia dalali.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kama maji kwenye bomba jipya. Arlys hakupinga neno. Alijibu maswali ya dalali, akapaka rangi ukumbi wa mbele, akagawa vyombo. Sharti lake lilikuwa moja tu, na alilitoa wiki iliyopita, karatasi za mauzo zilipofika kwa posta.

"Nitatia sahihi siku nitakayokunywa glasi ya maji safi kutoka koki ya hiyo karavani," alisema. "Mimi sitaishi mahali ambapo maji yana rangi."

Verlyn alicheka. Akaona amepewa mtihani wa darasa la kwanza. Jina la Arlys lilikuwa kwenye hati ya nyumba sambamba na lake. Bila sahihi yake hakuna kuuza, bila kuuza hakuna Arizona. Na kati yake na sahihi hiyo palikuwa na glasi moja tu ya maji. Fundi bomba gani angeogopa glasi ya maji?

*

"Fundi!" Curt Niemi aliita kutoka nyuma ya kaunta kabla kengele ya mlango haijanyamaza. "Yametoka?"

Duka la Curt lilikuwa la vifaa vya kila namna, kuanzia misumari hadi mbegu za karoti, na asubuhi ya Alhamisi lilijaa wanaume wasionunua kitu. Wote waligeuka.

"Yanaelekea," Verlyn alisema.

"Umefunga ile koki ya hita ya maji? Maana usipoifunga wakati wa vuli, dawa inajaa tangi zima la hita, halafu..."

"Niliifunga."

"Sikiliza, ni rahisi." Curt alichukua mfuko wa karatasi, akatoa kalamu sikioni, akaanza kuchora. Alichora bomba la kuingia, bomba la kutoka, na koki katikati. Koki aliichora vibaya. Watu wakasogea kuangalia. Verlyn, ambaye siku moja alizuia mvuke wa kiwanda kizima kwa spana na koti lake mwenyewe, alisimama pale akitikisa kichwa kama mwanafunzi, kwa kuwa kumkatiza mtu anayekusaidia ni utovu wa adabu, hata kama anakusaidia kuaibika.

"Umeona?" Curt alimaliza.

"Nimeona."

"Shemeji yangu ilimchukua siku nzima," alisema mmoja wa wale wasionunua. "Lakini yeye ni mwalimu wa muziki."

Kicheko kikazunguka duka. Verlyn naye akacheka, kwa sababu ilichekesha, na kwa sababu aliyekataa kucheka angeonekana ameumia. Akanunua dawa ya klorini na mpira mpya asiouhitaji. Curt alipomrudishia chenji, akainama na kushusha sauti.

"Ile kazi bado ipo, Verlyn. Kaunta ya mabomba. Nilikuambia Krismasi, nakuambia tena. Mimi mwenyewe mabomba siyajui, unaona jinsi ninavyochora."

"Nashukuru, Curt. Hapana. Sisi tunahama."

"Haya. Nimesema tu."

Ilikuwa mara ya pili, na Verlyn alijua hesabu. Lakini safari hii hakungoja ya tatu. Kwa kweli aliikimbia. Mtu aliyeshika mabomba ya kiwanda, leo avae aproni nyekundu yenye jina kifuani, awapimie watu vipira vya choo? Arizona ilikuwa na heshima zaidi. Arizona hakuna aliyejua zamani alikuwa nani, kwa hiyo hakuna angejua ameshuka kiasi gani.

*

Siku hiyo hiyo, kabla ya chakula cha mchana, ushindi ukaja.

Alikuwa amemwaga tangi lote la maji, akalijaza, akalimwaga tena. Akasuuza kwa klorini. Akafungua koki zote, ya jikoni, ya bafu, hata ile ya nje ya kuoshea miguu ambayo kila mtu huisahau. Akalijaza tangi kwa mara ya mwisho kupitia kile kimlango kidogo cha ubavuni, akawasha pampu. Koki ikakohoa. Maji yakatoka meupe, safi, hayana povu, hayana utamu. Akajaza glasi, akaiinua dirishani, akaona mti wa tufaha wa Arlys umesimama ndani yake, mdogo na kichwa chini.

Alikimbia. Mzee wa umri ule, mwenye magoti yale, alikimbia mpaka mlango wa jikoni.

"Arlys! Njoo! Safi!"

"Njoo ule kwanza, chakula kinapoa."

"Dakika moja tu!"

"Maji yameshatoka, hayatakimbia. Kaa."

Akakaa. Akala soseji, akala bitiruti. Kisha, kama desturi yake baada ya chakula, akaegemea kiti chake karibu na redio ili apumzishe macho, na macho yakapumzika hadi yakakoroma. Alipozinduka, Arlys alikuwa anafuta mikono kwa taulo, ameshavaa sweta ya kutokea nje.

"Haya, mzee. Twende ukanioneshe hayo maji yako."

Walitoka pamoja. Verlyn akampa mkono kupanda ngazi ya karavani, akafuta glasi kwa shati, akafungua koki kwa madaha ya mhudumu wa hoteli.

Pinki.

Verlyn akaitazama glasi. Arlys akaitazama glasi. Nje mbwa wa Orrin alibweka, maana yake Orrin hakuwa mbali.

"Yalikuwa safi," Verlyn alisema. "Naapa. Niliuona mti ndani yake."

"Sijasema hukuuona."

"Haiwezekani. Mimi nimeyasuuza mwenyewe! Dawa inatoka wapi? Inatoka wapi, Arlys?"

Arlys aliyamwaga yale maji taratibu, akaisuuza glasi kwa chupa ya maji aliyokuja nayo, akaifuta, akairudisha kabatini. Kisha akaweka kiganja mgongoni mwa mumewe, akakiacha hapo kwa muda mrefu kuliko kawaida ya watu wa kule, ambao hukumbatiana kwenye mazishi tu.

"Labda umezeeka, Verlyn," alisema kwa upole. "Si dhambi."

Hilo lilimuuma kuliko vicheko vyote vya duka la Curt. Ijumaa alifanya kila kitu upya, akala, akasinzia, na mchana maji yalikuwa pinki. Sasa alianza kujichunguza. Asubuhi alikuwa ameweka miwani kwenye jokofu. Jina la dalali lilimpotea kwa nusu saa. Baba yake alianza vivyo hivyo, na mwishowe alikuwa akimuuliza mkewe mwenyewe kwamba yeye ni nani. Verlyn aliketi kwenye ngazi ya karavani na kwa mara ya kwanza hakujitania. Aliogopa.

*

Jioni hiyo redio ilitangaza baridi kali ya ghafla. Aprili ya kule ina tabia hiyo. Inakuvua koti, halafu inakucheka. Verlyn akawasha hita ndogo ya umeme ndani ya karavani ili mipira isipasuke, na asubuhi akaenda kwenye banda la gari kuchukua vidumu vyake.

Vidumu hivi vinahitaji maelezo, kwa sababu ni aibu nyingine. Verlyn hakuwa mtu wa kumwaga dawa iliyolipiwa. Kila masika, ile ya mwanzo inayotoka bado nzito aliikinga kwenye vidumu vitupu vya maziwa, akavipanga nyuma ya mashine ya kusukuma theluji, aitumie tena vuli. Orrin alimwita bahili kwa ajili hiyo. Verlyn alijiita mwangalifu. Mwaka huu alikuwa amevipanga huko kama kawaida, vyote pinki, na asubuhi hii aliwaza kuirudisha dawa kwenye mipira, Jumatatu ipite, sahihi isitiwe, yeye apelekwe kwa daktari wa wazee na mambo yaishe.

Akanyanyua kidumu cha kwanza. Hakikutikisika. Akakigeuza. Kilichokuwa ndani kilikuwa kipande kimoja cha barafu.

Verlyn akasimama nacho mkononi. Akanyanyua cha pili. Barafu. Cha tatu, barafu.

Dawa ya kuzuia kuganda ilikuwa imeganda.

Sasa unaweza kumwambia fundi bomba kwamba amezeeka, na atakubali. Unaweza kumchorea koki kwenye mfuko wa karatasi, na atatikisa kichwa. Lakini huwezi kumwambia kwamba dawa ile inaganda kwa baridi ya Aprili. Alifungua kifuniko, akaingiza pua. Siki. Siki na karafuu.

Alikaa juu ya tairi la akiba. Hakuhitaji kuchora kwenye mfuko. Chakula cha mchana, usingizi wa kitini, sweta ya Arlys iliyokwisha kuvaliwa. Kile kimlango cha ubavuni. Kidumu kimoja cha dawa ndani ya tangi, kisha maji na juisi ya bitiruti ndani ya kidumu, ili mwangalifu asione pengo kwenye safu yake. Na bitiruti zenyewe, zilizobaki bila juisi, alilishwa yeye. Alikuwa ameula ushahidi kila siku, tena akaongeza mara ya pili.

Kwanza alifurahi sana, maana akili zake zilikuwa salama. Kisha akakasirika sana. Kidumu cha mwisho, pembeni kabisa, kilipotikiswa kikacheza. Hicho kilikuwa na dawa ya kweli, ambayo Arlys angeitumia leo. Akakibeba, akaelekea jikoni kwa hatua za mtu anayekwenda kuvunja kitu.

*

Arlys alikuwa dirishani, mgongo kwake, akimenya viazi. Verlyn alifungua mdomo kusema yote aliyoyapanga njiani: vicheko vya duka, mwalimu wa muziki, miwani kwenye jokofu, hofu ya jana. Mkono wa Arlys ulikwenda kwenye droo bila macho kuufuata, ukatoa kisu kingine, naye akafunga droo kwa kiuno, na maneno ya Verlyn yakakwama. Mwanamke huyo angeweza kuishi katika jiko lile akiwa kipofu.

Na hapo ndipo alipousikia tena ule usiku wa risiti ya mafuta. *Si wazo baya.* Ee Mungu. Si wazo baya! Yeye, ambaye hajawahi kupokea kikombe cha kahawa kwa Orrin kabla ya kuombwa mara tatu. Yeye, ambaye angekufa kwa kiu nyumbani kwa askofu akingoja ombi la tatu. Na yeye alimuuliza mkewe mara ngapi kuhusu nyumba yao?

Akaweka kidumu mlangoni, akavua kofia.

"Arlys. Unataka kuhama?"

"Umeshapanga kila kitu," Arlys alisema, bila kugeuka. "Karavani ni nzuri. Ina madirisha."

"Nakuuliza tena. Unataka kuhama?"

"Watu wengi wanafanya hivyo siku hizi. Tutazoea."

Hiyo ilikuwa ya kwanza na ya pili, kwa adabu na kwa adabu zaidi. Verlyn akavuta kiti, akakaa, akangoja kidogo ili ya tatu iwe na nafasi yake.

"Arlys, mke wangu. Unataka kuhama nyumba hii?"

Kisu kikasimama juu ya kiazi.

"Sitaki," Arlys alisema. Akageuka, na uso wake ulikuwa umelowa. "Sitaki, Verlyn. Sikutaka hata siku ile. Nataka kuzeekea mahali ninapojua swichi ya taa iko wapi gizani. Hata Arizona siitaki. Huko naenda kufanya nini, kutazama mchanga?"

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza."

"Nilikuuliza! Hapa hapa mezani!"

"Mara moja," Arlys alisema.

Mahakama yoyote ya wilaya ile ingempa mkewe ushindi.

Arlys akakiona kidumu pale mlangoni. Aibu ikampanda hadi masikioni, akakaa kwenye kiti cha pili na aproni yake usoni. "Nilikufanya ujione umechanganyikiwa," alisema ndani ya aproni. "Hilo halikuwa zuri. Jana nilipokuona umekaa kwenye ngazi, nilitaka kukwambia. Nikashindwa."

"Hilo lilinitisha kweli," Verlyn alisema. "Mengine yote yalinichekesha kidogo. Juisi ya bitiruti!"

"Rangi ilikaribiana."

"Ilifanana kabisa. Ila inaganda."

Wakakaa. Suala la mafuta lilikuwa bado lipo; halikuwa limeyeyuka kwa sababu watu wawili wamesema ukweli. Arlys akasema wafunge vyumba vya juu, walale kile chumba cha cherehani. Verlyn akasema haitatosha. Arlys akasema anajua haitatosha. Hapo Verlyn akaiona aproni nyekundu yenye jina lake kifuani, ikimngoja kwenye msumari.

Akainuka, akachukua kidumu, akatoka. Arlys alimwona kupitia dirisha: amefungua kile kimlango cha ubavuni, ameinamisha kidumu, anamimina hadi tone la mwisho, mwangalifu yule asiyemwaga kitu. Kisha pampu ikanguruma. Alirudi na glasi, akaiweka mezani kati ya maganda ya viazi.

"Bado pinki," alisema.

Arlys aliitazama, akamtazama yeye. "Basi siwezi kutia sahihi."

"Huwezi. Ulishasema. Na mimi nimejaribu kila njia, mji mzima ni shahidi."

Akaenda kwenye simu na kumpigia dalali. Alimwambia kwamba nyumba haiuzwi, wale vijana waombwe radhi, keki wataletewa. Dalali akaja juu, akataka sababu. Verlyn akamtazama mkewe, akakohoa.

"Ni mimi," alisema. "Karavani imenishinda."

*

Jumatatu asubuhi aliingia dukani kwa Curt, na hakungoja ombi la tatu. Aliliomba yeye, mbele ya wote wasionunua kitu, na duka zima likapigwa na mshtuko wa kuona mila inavunjwa mchana kweupe. Curt akaichukua aproni msumarini kabla mtu hajabadili mawazo.

Kufikia mchana habari ilishazunguka Vesterby: fundi wa kiwanda, aliyeshindwa kusuuza karavani mpaka akapoteza wanunuzi wa nyumba, ndiye sasa anauza mabomba. Watu walikuja kununua vitu walivyokuwa navyo. Mwalimu wa muziki alikuja binafsi, akampa Verlyn mawaidha. Verlyn akayasikiliza yote, akatikisa kichwa, akamshukuru. Curt akamchorea tena ile koki, naye akaisifu michoro.

Saa ya chakula akafungua kiboksi alichofungiwa na Arlys. Kilikuwa na mkate, jibini, na kichupa kidogo cha bitiruti, safari hii na juisi yake yote. Alizila moja moja, pale pale nyuma ya kaunta, akamaliza na kulamba vidole.

Kengele ya mlango ikalia. Orrin akaingia, mbwa akibaki nje amefungwa kwenye nguzo, akaegemea kaunta na kuviona vile vidole.

"Bado pinki?" aliuliza.

"Bado," Verlyn alisema, na akamuuliza anataka bomba la ukubwa gani.